Sailensa Isiyotaka Kukaa

Jumatatu, 3 Machi

Nimewasha injini! Imewaka.

Niandike kwa utaratibu. Gari langu si la dukani. Lilikuja ndani ya makasha, vipande vipande, nami nimelifunga mwenyewe uani, bolti kwa bolti, kila nikitoka kwenye chumba changu cha kutengenezea meno ya bandia. Lina viti viwili, halina paa, na liko chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na kuku uso kwa uso. Lilibaki jambo moja tu: sailensa, lile kopo refu la chuma linalomeza kelele za injini kabla moshi haujatoka. Sailensa yenyewe ninayo. Imelala kwenye kochi la sebuleni siku nyingi, na mke wangu huifunika kitambaa wageni wakija. Leo nikaona niwashe bila hiyo, kidogo tu, nisikie sauti.

Sauti! Sikuisikia kwa masikio, niliisikia kwa magego. Kuku walipaa hadi juu ya bati, na hawa ni kuku ambao hata ngazi ya jikoni huwashinda. Ndani ya nyumba, rafu ninayopangia chapa za plasta za vinywa vya wateja iliporomoka. Taya za wateja zote zimechanganyika sakafuni, wala sijui sasa ipi ni ya nani.

Mke wangu alitoka na mwiko mkononi. Alingoja nizime. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba ukaguzi ni Ijumaa, na gari lisipopita Ijumaa, Jumamosi linakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu ua ule ulikuwa wa kuanikia nguo na yeye amechoka kuanika shuka juu ya televisheni. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Shemeji naye alikuwepo. Ni kaka wa mke wangu, dereva wa gari la maiti, mtu mpole mpaka inaudhi. Alikunja suruali yake nyeusi, akachungulia chini ya gari, akasema sailensa haifungwi, inaning'inizwa. Inashikwa kwa mipira. Injini inatikisika, alisema, na chuma kilichoungana nayo lazima kipate nafasi ya kucheza. Nikamshukuru. Moyoni nikasema: mtu ambaye abiria wake hawajawahi kulalamika hata mara moja atanifundisha nini kuhusu kelele?

Mwisho akaja Bwana Kimya. Ndivyo tunavyomwita mzee wa nyumba inayopakana na yetu, aliyekuwa mtunza maktaba. Nikigonga nyundo, anakuja. Nikikata chuma, anakuja. Leo alisimama getini, akajigusa sikio, akatikisa kichwa. Nikamwomba radhi kwa maneno mazuri. Hakunijibu. Alilizunguka gari polepole, mikono nyuma, akagusa taa ya mbele kama anavyoguswa mtoto shavuni, akaenda zake.

Mtu wa ajabu.

Jumanne, 4 Machi

Kidole gumba kimeungua. Naandika kwa taabu.

Niliamua kwamba habari ya mipira ni mbwembwe za madereva. Waya ule wa kufungia makasha ulikuwepo, mzito, bado unang'aa. Niliizungushia sailensa waya huo chini ya gari mpaka ikafanana na mgonjwa aliyefungwa bandeji. Nikaivuta kwa mikono miwili. Haikutikisika! Nikajiuliza kwa nini watu hupenda kufanya mambo kuwa magumu.

Nikatoka barabarani. Mpaka kwa muuza mkate, sauti ilikuwa tamu kabisa. Mpaka kwa kinyozi, bado tamu. Nikaanza kupunga mkono. Kinyozi akanipungia, kisha mkono wake ukaganda hewani, macho yakamtoka, naye akawa anatazama kitu nyuma yangu. Nikageuka. Nilikuwa navuta cheche barabara nzima!

Waya ulikatika wote kwa mpigo. Sailensa ikajiondokea peke yake, ikapita mtaro, ikapanda kibaraza cha mama mshonaji na kuingia chini ya meza yake ya cherehani. Yeye alikuwa ameketi hapo hapo. Sijawahi kuona mwanamke wa umri ule akiruka kwa miguu yote miwili. Nikakimbilia ndani kuomba radhi na, kwa haraka ya kuokoa sketi za shule zilizokuwa zimeanza kutoa harufu, nikaishika sailensa kwa mkono mtupu.

Mama mshonaji alinipaka dawa ya meno kwenye kidole. Alisema anaona aibu kumpaka daktari wa meno dawa ya meno. Sikumsahihisha. Mtaa mzima huniita daktari, nami sijawahi kupata nafasi nzuri ya kueleza kwamba mimi hutengeneza tu hayo ya bandia.

Nilirudi nyumbani na mngurumo ule ule wa jana. Bwana Kimya alikuwa tayari getini. Sikio, kichwa, mzunguko wa gari. Safari hii alichungulia ndani, akaonyesha kiti cha abiria kwa kidole, akanitazama kana kwamba ananiuliza kitu. Nikamwambia kiti kimekazwa vizuri, hakina kelele. Akasubiri kidogo, kisha akaondoka.

Mke wangu ameuliza sailensa italala wapi leo maana kochi amelisafisha. Nimeiweka chini ya kitanda, upande wangu.

Jumatano, 5 Machi

Siku hii isingekuwepo kabisa, ningeshukuru.

Asubuhi nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, yule wa kona, mwenye miwani myeusi ambayo haivui hata akinywa chai. Nikamwambia nataka sailensa iungwe na chesisi, ule mfupa wa chini wa gari, chuma kwa chuma, mbele na nyuma, isicheze hata kidogo. Akasema naye habari zile zile: injini inatikisika. Nikamuuliza kama ameshaongea na shemeji yangu. Akasema hamjui. Nikamwambia achomelee. Alinitazama kupitia miwani, akainua mabega, akachomelea.

Kazi safi. Ungeweza kuninyanyua mimi na gari zima kwa kuishika ile sailensa.

Nikawasha. Kelele zilikuwa zimepungua, kweli. Badala yake gari zima lilikuwa linatetemeka, usukani, viti, kioo, mpaka nyama ya mashavu yangu. Nikasema moyoni litazoea.

Halafu nikafanya ujinga. Mteja wangu mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amekuja kuchukua meno yake mapya, nami kwa kiherehere nikamwambia nitamfikisha kwake. Mama mwenye heshima zake, mkoba mapajani, mgongo wima. Tulipofika njia panda, nilimsikia akianza kuniambia jambo kuhusu vijana wa siku hizi. Sentensi haikuisha. Nikageuka kumtazama: midomo imeingia ndani, macho yamejaa hofu, na meno hayapo.

Yalikuwa yametoka yenyewe! Nikayaona yakicheza sakafuni, yakielekea kwenye pedali, yanagongana kama yanaongea. Siwezi kukanyaga breki, nitayavunja. Siwezi kuacha kukanyaga, mbele kuna mkokoteni wa viazi. Nikayasukuma kwa kisigino, nikakanyaga breki, na wakati huo huo kukatokea mlipuko.

Watu wa njia panda walilala chini. Siwatanii. Muuza magazeti alilala juu ya magazeti. Mwenye viazi akaingia chini ya mkokoteni wake mwenyewe. Mimi nilibaki nimeshika usukani, nikidhani nimekufa, mpaka mwalimu mkuu akanigusa bega na kuniomba, kwa maneno yaliyojaa upepo, nimwokotee meno yake.

Bomba la moshi lilikuwa limepasuka hapo hapo penye kuchomelewa, likaing'oa na sailensa. Injini inatikisika, sailensa imegoma, bomba katikati likashindwa kuamua. Tulisukuma gari mpaka nyumbani. Mwalimu mkuu alishika mkoba wangu wa spana.

Lakini hayo si kitu.

Nilipofika getini, nilimkuta mke wangu amesimama barabarani, amejifunika khanga mabegani. Nikadhani ni kwa ajili yangu. Akaniambia Bwana Kimya amefariki. Alikuwa ameketi dirishani kwake baada ya chakula cha mchana, akainamisha kichwa, basi.

Nikauliza saa ngapi. Akasema saa nane hivi.

Mlipuko ulikuwa saa nane.

Sikula. Nimeketi kwenye ukingo wa kitanda na sailensa iko chini yangu, nusu ya bomba bado imeing'ang'ania. Nimemuua mzee wa watu kwa kelele.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nilikwenda kuhani. Miguu ilikuwa haitaki.

Wanaume walikuwa wameketi nje kwenye viti vya plastiki. Nilichagua kiti cha nyuma kabisa. Kila aliyesema marehemu alipenda utulivu, nilihisi ananitazama mimi. Shemeji alikuwepo pia, maana gari lake ndilo litakalombeba marehemu Jumamosi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, vile anavyowashika wafiwa, akaniuliza mbona naonekana mgonjwa.

Kisha mtu akatoka ndani akasema mjane ananiita mimi. Mimi! Mbele ya wote! Nilinyanyuka na kiti kikanyanyuka nami.

Mjane alikuwa chumba cha mbele, kando ya dirisha lile lile, na kiti cha mumewe kitupu mbele yake. Nilimwamkia shikamoo mama, nikapiga magoti, nikaanza kuungama papo hapo. Nikasema ni mimi, ni lile bomba, sikukusudia. Alinisikiliza kwa mshangao. Halafu akaniuliza bomba gani.

Nikamweleza. Akanyoosha kitambaa cha mkono wa kiti kile.

"Baba, mzee wangu alikuwa hasikii," aliniambia. "Alipougua mara ya kwanza masikio yaliziba. Hata radi ilikuwa haimshtui. Mwenye masikio humu ndani ni mimi."

Nilibaki mdomo wazi. Mimi ninayepima midomo ya watu kazini!

Akaendelea polepole. Kelele zilikuwa zinamuumiza yeye. Kila nikianza, alikuwa akimgusa mumewe bega na kumwonyesha kwa ishara kwamba jirani ameanza tena. Na mzee alikuwa akifurahi mno, anavaa viatu mbio, kwa sababu amepata sababu ya kuja kuliona gari. Alikuwa akirudi anamchorea kwenye hewa: taa ziko hivi, kiti kiko hivi. Juzi alirudi kimya. Alimwambia mkewe kwa ishara kwamba alijaribu kuomba apakiwe siku moja, lakini jirani hakuelewa.

Kiti cha abiria. Kile kidole. Nami nikamjibu kwamba kimekazwa vizuri.

Nilitazama sakafu.

Mjane akasema ana ombi. Jumamosi anataka kwenda makaburini ndani ya gari langu, nyuma ya jeneza, akae kwenye kile kiti kwa niaba ya mzee. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Akanyoosha kidole.

"Ila liwe kimya, baba. Huko ninakwenda kumzika mume wangu. Nataka nisikie."

Nilitoka pale nimeapa. Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi wa miwani myeusi, nikamwambia anitengenezee vishikio na aunge bomba upya, aweke na kile kipande laini kinachopinda, na safari hii tutaning'iniza kwa mipira. Hakunicheka. Alisema tu mipira ninunue mwenyewe, mizito ya kustahimili moto, miwili inatosha. Nikazunguka maduka yote ya vipuri. Hakuna. Ya malori ipo, ya pikipiki ipo. Ya kwangu wiki ijayo.

Wiki ijayo! Ukaguzi kesho, maziko Jumamosi!

Mchana shemeji alikuja kula kwetu. Gari lake la maiti aliliegesha chini ya ukuta, limeoshwa, limetulia. Nilipita tu kando yake. Niliinama kufunga kamba ya kiatu. Na nikaiona: mipira, mieusi, minene, mipya, imeshika sailensa yake kama mikono ya mama. Minne! Gari linalokwenda mwendo wa kobe, mipira minne ya nini?

Nimechukua miwili. Nimeazima, yaani. Mahali pake nimefunga waya, tena kwa uangalifu mkubwa. Baada ya maziko nitamrudishia na kumweleza, tucheke pamoja.

Alipotoka aliniaga akasema nipumzike, ninajichosha.

Ijumaa, 7 Machi

Limepita!

Fundi alimaliza asubuhi. Kishikio kimoja mbele karibu na kiungo, kingine nyuma, kila kimoja na mpira wake. Ukiisukuma sailensa kwa goti inabembea kidogo, kisha inarudi mahali pake. Nilipowasha, nilidhani imekataa kuwaka. Ilinibidi niweke mkono juu ya boneti kuhakikisha.

Mkaguzi wa magari ni mtu wa uso mgumu. Alizunguka, akapiga taa, akalala chini kabisa, akaitikisa sailensa kwa mguu, akauliza nani amefanya kazi hii. Nikasema mimi. Fundi wa kuchomelea, ambaye nilikuwa nimekuja naye, alivua miwani yake myeusi kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu ili anitazame vizuri. Mkaguzi akapiga mhuri.

Nyumbani mke wangu alisikia geti likifunguka lakini hakusikia gari. Alitoka nje akasimama. Nilimpandisha, tukazunguka mtaa mzima, na njiani aliweka mkono wake juu ya wangu penye gia. Alisema hakuamini kwamba ningeweza. Mama mshonaji alitupigia makofi, ingawa alikuwa amesogeza meza yake ndani.

Kisha shemeji akaja. Alichungulia, akaiona ile sailensa inavyoning'inia, akasimama, akanikumbatia. Alisema amefurahi kwamba nimemsikiliza. Alisema pia ananionea fahari, kwa sababu si kila mtu mzima anakubali kuambiwa. Kifua chake kilikuwa kinanuka sabuni ya kufulia. Nilifungua mdomo nimwambie.

Nikamkaribisha chai.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Masikio bado yanavuma.

Tulianza vizuri. Mbele gari la maiti, shemeji kwenye usukani na suti yake nyeusi. Nyuma yake mimi. Kando yangu mjane, na kofia ya mzee mapajani mwake. Nyuma yetu msafara wa majirani, wengine kwa magari, wengi kwa miguu, maana makaburi si mbali. Gari langu lilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia viatu vya watu kwenye lami. Mjane alifumba macho. Aliniambia anasikia majani. Nikasema moyoni: angalau hili nimelifanya sawa.

Tukapanda tuta la kwanza.

Chini ya gari la maiti kitu kiliyumba. Nilikuwa karibu, tena chini vile gari langu lilivyo, nilikiona kama niko sinema. Waya wangu. Uzi mmoja ulikatika, ukakunjuka, ukaanza kuning'inia.

Nifanye nini? Nipige honi msibani? Niliwasha taa na kuzima, kuwasha na kuzima. Shemeji aliniona kwenye kioo. Akainua mkono wake taratibu, akanipungia kwa huzuni.

Uzi wa pili ukakatika. Nikawasha taa tena. Mjane akafumbua macho akauliza kama kuna tatizo. Nikasema hapana mama, natoa heshima.

Tuta la pili.

Sailensa ya gari la maiti ilianguka na kupiga lami kwa sauti ambayo siwezi kuiandika. Mara ile gari lenyewe likanguruma kama trekta. Lile gari tulivu! Lenye maua! Nilikanyaga breki, lakini kitu chenyewe kilikuwa tayari chini yangu, na gari langu halina nafasi huko chini. Tulikipanda. Nilihisi kikipita kwenye nyayo zangu, kisha kikaing'oa ya kwangu.

Basi tukawa wawili. Yeye ananguruma mbele, mimi nanguruma nyuma, katikati kuna jeneza, nyuma yetu mtaa mzima umesimama umeshika vichwa. Mzee mmoja wa msafara alikuwa ameingia mtaroni. Kuna waliokuwa wanakimbia, sijui wanakimbilia wapi.

Tulizima wote. Ukatokea ukimya mzito kuliko ule wa mwanzo. Niliogopa kugeuza shingo. Nilipogeuka, mjane alikuwa amejiziba uso kwa ile kofia, na mabega yake yanatikisika. Nikasema moyoni nimemaliza, nimemuua na huyu.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi, na machozi hayo yakabadilika yakawa mengine, halafu akarudi kucheka tena.

"Huo mngurumo angeusikia," alisema. "Huo hata yeye angeusikia."

Shemeji alishuka. Hakukasirika, hakuniuliza kitu. Alivua koti, akalikunja, akaniwekea mapajani, akalala barabarani na shati lake jeupe aone kama gari langu linaweza kuendelea. Alifikiria gari langu kwanza! Alikaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilijua ameona nini. Alipotoka alikuwa ameshika mpira mmoja kiganjani, umechanika. Aliugeuza, akaufuta vumbi kwa kidole.

"Shemeji," alisema, "huu niliununua mimi mwezi uliopita."

Basi. Alivaa koti, akarudi kwenye usukani. Ilibidi twende, mtu hazikwi njiani. Tulikwenda makaburini tukinguruma, magari mawili, na mjane akiwa amekaa wima kando yangu, sasa amevaa ile kofia. Nilisimama nyuma kabisa wakati wa kuzika. Shemeji alisimama upande wa pili na hakunitazama hata mara moja, na huyo ni mtu ambaye humtazama kila mtu machoni, hiyo ndiyo kazi yake.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu anajua. Kaka yake hakumwambia. Nilijiumbua mwenyewe nilipouliza, bila kuulizwa, kama polisi hushughulikia mambo ya mipira.

Nilitegemea apige kelele. Aliketi. Alisema kaka yake amesimamishwa kazi mpaka ijulikane ni uzembe wa nani, na kwamba tangu aanze kuendesha hajawahi hata kuchelewa kwenye maziko. Alisema haya huku anakunja shuka, anakunja, anakunjua, anakunja upya. Kisha akaniambia nivae viatu.

Mwenye kampuni ya magari ya maiti ni mama mnene wa sauti nyembamba. Tulimkuta kwake. Nilieleza yote, mipira, waya, matuta, mke wangu akiwa amesimama nyuma yangu kama askari wa gereza. Yule mama alinisikiliza huku ameweka mkono kifuani. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli niliingia chini ya gari la maiti la watu na spana mchana kweupe. Nikasema ndiyo. Akauliza mimi hufanya kazi gani. Nikamwambia. Akafunga mdomo wake kabisa, akawa anauliza mengine kwa kichwa.

Lakini alimpigia shemeji simu palepale, akamwambia kesho arudi kazini. Alisema pia kwamba mjane alishampigia asubuhi, akamshukuru kwa kumsindikiza mumewe, na akamwomba asimwadhibu mtu.

Tulipita kwa shemeji. Alikuwa nje anapiga viatu rangi. Nilimwomba radhi, na safari hii sikuweka neno lolote la ziada. Alipiga brashi kwanza kiatu cha kushoto, kisha cha kulia. Alisema amesamehe. Alisema fundi ameshamrudishia sailensa yake kwa mipira miwili iliyobaki na inashika, na mingine ikija dukani atainunua mwenyewe. Aliniomba jambo moja tu, nimfanyie hisani: nisiliguse gari lake tena.

Nilimwahidi. Tulipeana mikono. Njia nzima mke wangu alinishika mkono, nami nilijisikia mwepesi, mtu mpya. Nimejifunza. Mali ya mtu ni ya mtu. Fundi akisema, msikilize. Naandika hapa ili nisisahau.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka na wazo!

Tatizo halikuwa mimi. Tatizo lilikuwa uhaba wa mipira. Na mipira ni nini? Ni kitu laini kinachovutika. Kazini kwangu ninacho tele: ule ute wa rangi ya waridi ambao tunamng'atisha mteja ili kupata chapa ya meno. Ukiganda unakuwa mpira safi kabisa. Nimeuvuta kwa nguvu, umerudi. Kuhusu moto sijajaribu, lakini watu hunywa chai ya moto na midomo haiungui.

Nimemimina minne kwenye kikopo cha siagi. Imetoka mizuri ajabu. Mmoja una alama za meno kwa sababu mwalimu mkuu alifika kabla sijaosha vifaa, lakini hilo haliathiri nguvu.

Miwili nimeweka kwangu, nikairudisha sailensa mahali pake. Nimeshuka chini kuitazama mara kadhaa, inapendeza, gari zima limepata uso.

Miwili ni ya shemeji. Nimefikiria sana ahadi yangu ya jana. Aliniomba nisiliguse gari, lakini yeye aliposema hivyo hakujua kwamba kuna mipira. Mtu mwenye mipira miwili tu chini ya gari zito vile, nami nimemkosea, nikae nimtazame? Asubuhi alikuja na gari lake la maiti kumletea dada yake unga. Wakati wanaongea jikoni nilimfungia, kimyakimya, haraka, kazi ya dakika chache. Ile miwili ya zamani nimeitoa kabisa ili yote ifanane.

Sijamwambia. Nataka ashangae mwenyewe.

Ana maziko ya jaji saa nane, na njia ni ile ya kilimani, yenye matuta mengi. Mke wangu ananiuliza mbona navaa suti. Nakwenda kusimama barabarani nimwone akipita.